Kaburi Nambari Kumi na Saba

Nyama ilikuwa imeiva tangu alfajiri. Kilichokuwa hakijaiva ni ruhusa. Sumiko alifunua sufuria, akachoma kipande cha nguruwe kwa kijiti, kijiti kikapita bila ubishi, akafunika tena. Mumewe Yasuo alikuwa amekaa karibu na simu, magoti pamoja, kama bwana harusi anayengoja jibu la posa. Majirani wote walikuwa wameshapakia makasha ya chakula kwenye magari wakaenda zao makaburini, kwani ilikuwa Jumapili ya Shimii, siku ambayo huku kwetu Okinawa walio hai huwaendea waliokufa, wakala nao, wakanywa nao, wakawapasha habari za mwaka mzima. Akina Kabira nao walikuwa na wafu wao, tena wengi tu. Taabu ni kwamba wafu wa akina Kabira walilala ndani ya kambi ya Wamarekani, na mtu hawezi kwenda kumwamkia babake mpaka Mmarekani aseme haya, nenda.

"Walisema watapiga saa mbili," alisema Yasuo.

"Mwaka juzi nao walisema saa mbili," Sumiko akajibu kutoka jikoni. "Wakapiga Jumatatu. Nguruwe wangu, nusu alikuwa ameshaliwa na paka."

"Safari hii kuna bwana wa manispaa analishughulikia."

"Na huyo bwana wa manispaa akitaka kuingia humo, anaomba kwa nani?"

Yasuo akaisogeza simu karibu zaidi. Alikuwa mtu mpole, dereva wa basi la shule, na kwa miaka thelathini na mitano ya ndoa alikuwa amejifunza kwamba maswali mengine ya mkewe hayaulizwi ili yajibiwe.

Mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka, akatoka Bi Kamado, mama yake Yasuo, amevaa gauni lake la zambarau la sherehe, kofia kichwani, mkongojo mkononi. Umri wake ulikuwa tisini kasoro mmoja na kimo chake kilikuwa kinapungua kila mwaka, lakini sauti haikupungua hata kidogo.

"Mnanitazama nini? Nakwenda."

"Mama," Yasuo akainuka. "Magoti yako. Kule kuna ngazi."

"Ngazi nitazipanda kwa matako kama mtoto mchanga. Tangu wafunge lile lango la zamani sijamwona babako. Miaka tisa! Mwaka huu nakwenda kwa miguu yangu, maana mwakani huenda mkanipeleka ndani ya chungu."

"Mama, usiseme hivyo."

"Nisemeje? Kwani wewe unadhani mimi nitageuka jiwe? Nikifa mtanichoma, mtanitia kwenye chungu, mtaniweka karibu na mume wangu. Basi nataka nikapaone mahali penyewe. Hata mtu anayehamia nyumba ya kupanga huenda kuiangalia kwanza."

Sumiko alikuwa akipanga vipande vya nyama kwenye kasha. Yeye naye, siku yake ikifika, angewekwa mle mle. Ndiyo desturi: mkaza mwana huzikwa na ukoo wa mumewe. Mara nyingi, hasa siku ambazo Bi Kamado ameonja mchuzi na kukunja pua, Sumiko huwaza kwamba jikoni amekaa na mavyaa wake miaka thelathini na mitano, na kaburini anamsubiri tena milele na milele, bila hata mlango wa nyuma wa kutokea.

Simu ikalia. Yasuo akaidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza, akainama mara tatu mbele ya mtu asiyemwona, akasema ndiyo, ndiyo, asante sana, asante. Alipoweka simu uso wake uling'aa.

"Wamekubali! Saa nne hadi saa tano. Watu watatu. Hakuna moto, hakuna kisu. Kaburi nambari kumi na saba."

"Nambari?" akauliza Bi Kamado.

"Kule makaburi yana nambari siku hizi, Mama. Waliyapa nambari walipofungua lango jipya. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaonyesha letu."

Bi Kamado akatafakari. "Babako aliitwa Kabira Seitoku maisha yake yote. Kumbe sasa ni Kumi na Saba. Haya. Tukamwamkie Kumi na Saba."

Getini waliwakuta watu wawili: Bwana Irei, mlinzi, mtu wa papa hapa kisiwani aliyeajiriwa kulinda uzio wa watu wengine, na sajenti mmoja Mmarekani mwenye masikio mekundu kama kamba aliyechemshwa. Kulikuwa na mbwa pia. Mbwa alitia pua kwenye kasha la nyama, akaitoa, akaitia tena, akakataa kuondoka. Ilibidi sajenti amvute.

"Huyo mbwa ameanza kula kabla ya marehemu," Bi Kamado akasema. "Nyumbani kwetu angepigwa."

"Samahani, Bibi," akasema Bwana Irei, akiinamisha kichwa. Akafungua mkoba wao, akatoa kiberiti, akakiweka kando. Akatoa kitita cha karatasi za manjano zilizogongwa alama za sarafu. Alizijua vizuri, maana hata mama yake mwenyewe alikuwa nazo kabatini, lakini sajenti alikuwa anatazama na swali halikuwa na budi kuulizwa. "Hizi ni nini?"

"Pesa," akasema Bi Kamado. "Za kuwachomea wafu ziwafikie. Umelelewa wapi wewe?"

"Najua, Bibi. Ila humo hakuna kuchoma. Kuna matangi ya mafuta ya ndege karibu."

"Sasa mume wangu atatumia nini mwaka mzima?"

Bwana Irei akamtazama sajenti, kisha akashusha sauti. "Ziacheni hapa kwangu. Watu wote huziacha. Jioni nikitoka kazini nazichoma kule nje, ufukweni. Naita majina, kila mtu na zake."

"Hukosei?"

"Sijakosea bado, Bibi."

Wakavalishwa vizibao vya rangi ya machungwa vyenye neno MGENI kwa Kiingereza mgongoni. Kizibao cha Bi Kamado kilimfika magotini. Yasuo akamfunga kamba kwa upole, na Bi Kamado akakubali, ila alikuwa anatafuna ufizi, jambo analolifanya akizuia neno lisitoke.

Gari la kambi likawapeleka, Bwana Irei akiendesha, sajenti pembeni yake. Ndani ya uzio nyasi zilikuwa zimekatwa sawasawa, barabara pana, hakuna hata nguo moja iliyoanikwa. Wakapita uwanja wa gofu. Bi Kamado alibandika uso kwenye kioo.

"Hapo palikuwa kisima," akasema. "Pale kwa fundi seremala. Pale, penye kile kibendera kidogo chekundu, palikuwa jiko langu."

Sumiko akatazama. Mzee mmoja mwenye kaptura alikuwa ameinama karibu na kibendera, anapima upepo kwa kidole. Kodi ya kiwanja hicho huja kila mwaka kupitia serikalini, na ndiyo iliyoezeka paa la nyumba wanayoishi. Sumiko hajawahi kuikataa. Lakini hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanapangisha. Sajenti aliona bibi anaangalia, akatabasamu, akafanya ishara ya kupiga mpira kwa fimbo.

"Anasema nini huyu?" Bi Kamado akauliza.

"Anakuuliza kama unacheza, Mama," akasema Yasuo.

"Mwambie nilikuwa napika."

Makaburi yalikuwa manne, yamejipanga ubavuni mwa kilima, kila moja na mgongo wa mawe kama kobe, mlango mdogo mbele, na kiwanja cha kukaa familia. Zamani, siku ya Shimii, vijiji vitatu vilijaa pale. Watu wakiitana kutoka kaburi hadi kaburi, wakiombana chumvi, watoto wakipotea na kurudishwa wakiwa wameshiba kwa jirani. Siku hizi kambi hutoa saa moja kwa kila familia, zamu kwa zamu, na familia hazikutani. Kaburi la kwanza halikuwa tena na mtu wa kulitembelea. La mwisho wenyewe walihamia Brazili. Mbele ya kila moja ilisimama nguzo ya chuma yenye nambari.

Sajenti alimpa Bi Kamado mkono wa kushikilia ngazi kwa ngazi. Alipofika juu, bibi alimpigapiga mkono kwa kumshukuru. "Mkono mzuri huu. Ungelima viazi vingi sana."

Sumiko alikuwa ameshatandika mkeka mbele ya nambari kumi na saba, amepanga makasha, ameweka udi bila kuuwasha, kama wafanyavyo pale penye katazo la moto. Yasuo akamimina pombe kwenye kikombe kidogo. Wote wawili wakapiga magoti. Bi Kamado hakupiga. Alisimama akiegemea mkongojo, akitazama mlango wa kaburi.

"Hapa kwa nani?" akauliza.

"Mama?"

"Nauliza, hapa kwa nani?"

Yasuo akacheka kidogo, cheko la mtu anayetaka kuambiwa kwamba ni mzaha. "Kwetu, Mama. Kwa Baba."

"Kwetu pana ufa juu ya mlango, umepinda kama mundu. Miezi ile ya mabomu nililala humo ndani pamoja na mavyaa wangu na mifupa ya babu zako. Mavyaa alikuwa anakoroma hata mabomu yakilia, mimi nikawa nauangalia ule ufa, nasema ukipanuka kidole kimoja tumekwisha. Naujua kuliko uso wangu." Akanyoosha mkongojo kuelekea kaburi la jirani, nambari kumi na sita. "Ule pale."

Wakageuka. Juu ya mlango wa kumi na sita palikuwa na ufa, umepinda kama mundu.

"Lakini zamani nilikuwa nakufuata wewe tu, Mama," Yasuo akaanza. "Baba aliniambia, letu ni la pili kutoka barabarani."

"Barabara ipi?"

Hapo ndipo Yasuo alipogeuka akaitazama barabara waliyojia, ile mpya, inayopanda kutoka lango jipya upande wa mashariki. Kisha akatazama upande wa magharibi, ambako barabara ya zamani ilikuwa imeliwa na nyasi. Akahesabu kwa kidole kutoka huku, akahesabu kutoka kule. Akakaa chini.

"Basi hili ni la nani?" akauliza Sumiko.

"La Tokeshi," akasema Bi Kamado. "Mmemlisha Tokeshi."

Sumiko akashika mdomo. Si nyama iliyomjia akilini kwanza. Kila mwaka, Yasuo akishaenda kuzungumza na mlinzi, Sumiko hubaki nyuma akawanong'oneza wafu yaliyo moyoni: binti yao wa Osaka asiyepiga simu, mgongo wake, na zaidi ya yote mavyaa, jinsi anavyokunja pua, jinsi anavyoficha sukari. Miaka tisa! Kumbe siri za nyumba amezimwaga kwa watu wa mtaa wa pili.

"Tokeshi Eikichi," Bi Kamado akaendelea, na sasa sauti ilikuwa imepanda, "amekula nguruwe wangu miaka tisa! Mnamjua huyo mtu? Kabla ya vita alikuja kwetu na chupa ya pombe na samaki mkubwa kuniposa. Nikamkataa mbele ya shangazi zake. Alikuwa na maringo, na anacheka kwa pua. Na mimi nikifa mlikuwa mnanileta wapi? Si hapa? Mngenitia humu, nikaamka akhera namkuta Tokeshi amekaa, ananichekea kwa pua, anasema, 'Umefika, Kamado? Nilijua utakuja.' Mtihani gani huu!"

Sumiko alicheka mpaka akakaa. Hakuweza kujizuia. Hata Yasuo, uso mweupe kama tofu, alikoroma kicheko kimoja kisha akajuta.

Bi Kamado yeye hakucheka. Alikuwa ameshaanza kutembea, mkongojo mbele, kuelekea kumi na sita.

Bwana Irei alimwahi katikati. Hakumgusa, alisimama tu mbele yake, ameinama.

"Bibi, samahani sana. Kibali chenu ni cha kumi na saba."

"Mume wangu yuko kumi na sita."

"Nimesikia, Bibi. Lakini kwenye kibali yuko kumi na saba."

Sajenti akauliza kitu. Bwana Irei akamweleza kwa Kiingereza, kwa kirefu. Sajenti akakuna shingo, akazungumza kwenye redio yake, redio ikajibu, akatikisa kichwa. Alionekana kusikitika kweli.

"Anasema anaomba radhi," Bwana Irei akafasiri. "Anasema mwandike barua kwa manispaa, manispaa iandike mkoani Naha, Naha iandike Tokyo, Tokyo iwaulize wao. Mwakani, au mwaka unaofuata, watabadilisha."

"Mwaka unaofuata," akasema Bi Kamado. "Ana miaka mingapi huyu? Mwambie hivi. Mwambie mimi nilikuwa ndani ya kaburi lile wakati babu zake wakitupiga mabomu, na hakuna aliyeniomba kibali."

Bwana Irei akamgeukia sajenti. Kisha akasema neno fupi kwa Kiingereza. Sajenti akaitikia kwa kichwa, akaenda garini, akarudi na kiti cha kukunja.

"Umemwambia nini?" Sumiko akauliza.

"Nimemwambia bibi amechoka," akasema Bwana Irei, na hakumtazama mtu machoni. "Nina watoto wawili chuoni, dada yangu. Msinilaumu."

Bi Kamado akakaa kwenye kiti. Akakigeuza mpaka akampa Tokeshi mgongo, akatazama kaburi la mumewe pale lilipo, karibu kiasi kwamba mtu akirusha chungwa linafika. Akavua kofia, akaiweka mapajani. Machozi yakamtoka, hakuyafuta, na Sumiko, ambaye katika miaka yote ile hakuwahi kumwona mavyaa wake akilia, hata siku ya mazishi, aliweka chini kasha alilokuwa ameshika. Angeweza kumvumilia akikunja pua miaka mingine mia. Hivi hakuweza.

"Bwana Irei," akasema polepole. "Baada yetu anakuja nani?"

Mlinzi akatazama karatasi yake. "Saa tano. Kumi na sita. Familia ya..." Akaacha kusoma. "Tokeshi. Watu watatu."

Gari lilipowarudisha getini, walikuta akina Tokeshi wameshafika, wanavalishwa vizibao. Morio, mwana wa marehemu Eikichi, alikuwa mkulima wa matango machungu, mnene, mwenye aibu. Mkewe Hatsue alikuwa na sauti ya mnada. Wa tatu, mkwe wao, alibaki garini anasinzia. Sumiko aliwavuta kando akawaeleza. Ilibidi aeleze mara mbili.

"Wee!" akapiga kelele Hatsue. "Unataka kuniambia miaka yote hii nimekuwa nikimwomba babake Yasuo aniponyeshe kisukari?"

"Mimi nilihisi!" akasema Morio. "Nilisema, Hatsue, mbona mlango huu una ufa? Lakini nilipokwenda kuandikisha, Yasuo alikuwa ameshachukua kumi na saba. Nikajiambia, Kabira Yasuo hawezi kukosea kaburi la babake mwenyewe. Nikachukua lililobaki."

Yasuo akainama mpaka chini, akabaki hivyo hivyo. Morio naye akainama. Wakabaki wameinamiana wale wanaume wawili na vizibao vyao vya machungwa, kila mmoja akingoja mwenziwe ainuke, mpaka Hatsue akawapiga migongoni kwa kiganja.

"Inukeni huko. Sumiko, tufanyeje?"

"Kibali chenu ni cha watu watatu. Jina la Tokeshi." Sumiko akamgeukia Bi Kamado. "Mama anataka kukaa na mumewe. Basi."

Hatsue hakufikiri hata kidogo. Akavua kizibao chake. "Aende. Na wewe nenda umshike. Morio awapeleke, yeye ndiye Tokeshi wa kweli. Mimi nitabaki na Yasuo nimwone vizuri mtu aliyekosea kaburi la babake."

Wote wakamgeukia Bwana Irei. Bwana Irei alitazama karatasi, akatazama uzio, akatazama mbingu. Kisha akachukua kalamu, akasimama mbele ya Bi Kamado kama hajawahi kumwona.

"Jina, Bibi?"

Bi Kamado alijua anaulizwa nini. Sumiko alimwona akitafuna ufizi. Jina lile alilikataa mbele ya shangazi watatu, na chupa ya pombe, na samaki mkubwa. Alilikataa wakati alipokuwa na meno yote na miguu ya kukimbilia. Sajenti alisogea. Nyuma yake mbwa alikuwa bado anatazama kasha.

"Tokeshi," akasema Bi Kamado.

"Jina kamili?"

"Tokeshi Kamado. Andika haraka kabla sijabadili nia."

Sajenti alimtazama bibi, kofia, gauni la zambarau. Akakunja uso, akamuuliza Bwana Irei kitu. Bwana Irei akajibu kwa utulivu. Sajenti akafikiri, akaitikia, akafungua mlango wa gari.

"Umemdanganya nini?" Sumiko akanong'ona.

"Nimemwambia wazee wetu wote wanafanana. Amesema kweli, hata yeye ameliona hilo."

Mara hii Bi Kamado hakukitaka kiti. Alikwenda moja kwa moja mpaka mlangoni kwa kumi na sita, akanyoosha mkono, akapitisha kidole kwenye ufa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Haukuwa umepanuka. Akashuka chini taratibu, goti moja, la pili, Sumiko amemshika kiuno.

Morio alisimama pembeni, akimtazama babake kule kumi na saba ambako hakuwa na kibali cha kwenda. Akaweka mikono mdomoni, akaita kwa sauti ya chini: "Baba! Nasikia mwenzetu ulikuwa unakula vizuri!" Kisha akapangusa macho kwa mkono wa shati.

"Seitoku," akasema Bi Kamado. "Ni mimi. Nimechelewa. Usimgombeze mwanao, barabara imehamishwa. Na ukisikia kwamba mkeo amepita getini kwa jina la Tokeshi, usinune. Ni kweli nimepita. Wale wenye funguo wanalijua jina hilo, letu hawalijui." Ndege ya kivita ikapita juu, kubwa, ardhi ikatetemeka, akangoja iishe kama mtu anayengoja mtoto wa jirani amalize kulia. "Jiko letu wamelifanya shimo la mpira. Lakini nyasi wanazikata vizuri, siwezi kusema uongo."

Sumiko akaweka nyama, akamimina pombe, akaweka udi baridi.

"Sumiko."

"Naam, Mama."

"Hapa pana nafasi yangu. Na yako."

"Najua, Mama."

"Kila mwaka ulikuwa unarudi kutoka huku umechangamka sana. Ulikuwa unanisema, eh?"

Sumiko akainamisha kichwa. Masikio yalimwaka. "Kidogo, Mama."

"Uliponisema kwa Tokeshi, alifurahi mno, naapa." Bi Kamado akachukua kipande cha nyama alichokwisha kula marehemu, akatafuna kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu Sumiko aolewe, pua haikukunjwa. "Chumvi imekolea," akasema.

Saa yao ilipokwisha waliteremka. Getini Hatsue alikuwa ameshamfundisha Yasuo namna ya kuhesabu makaburi kwa kutumia matango. Sajenti alikuwa amejifunza maneno mawili matatu ya huku kwetu, akaona ni wakati wa kuyatumia. Akainama, masikio yakiwaka, akasema pole pole, neno kwa neno: "Bi Tokeshi. Karibu. Tena."

Bi Kamado akamwinamia pia, maana adabu ni adabu. Kisha akamwendea Bwana Irei.

"Zile pesa zangu."

"Ninazo hapa, Bibi. Jioni nazichoma."

"Ukizichoma uite Kabira. Kabira Seitoku, kwa sauti, asikie. Leta hapa kwanza." Akachukua kile kitita cha karatasi za manjano, akalowesha kidole, akahesabu chache, akazitenga. "Hizi uite Tokeshi Eikichi."

"Tokeshi? Bibi, si ulisema..."

"Nimesema alikuwa anacheka kwa pua. Sikusema nadhulumu watu. Nimetumia jina lake saa nzima. Mimi kitu cha mtu nikikiazima nakilipia, na nakirudisha siku ile ile."

Akavua kizibao cha machungwa, akakikunja vizuri, pembe kwa pembe, akamkabidhi sajenti mkononi.